Dari Zilizozikwa Chini ya Lipu

*Nyumba kongwe za Uskoti zimehifadhi vipande vya michoro ya miaka mia nne iliyopita, na wanaovitunza hawajakubaliana kama vibaki vilipo, vihamishwe, vipakwe upya au viachwe gizani*

Fundi anayebomoa dari ya lipu katika nyumba kongwe ya Edinburgh au ya mkoa wa Fife hukuta kwanza vumbi la chokaa, kisha fito nyembamba zilizopigiliwa misumari ili kuishika lipu, na nyuma ya fito hizo, katika nyumba chache zilizobahatika, hukuta boriti na mbao zilizopakwa rangi karne nne zilizopita, zenye matunda, ndege, ngao za koo na maneno ya hekima.

Tangu saa hiyo dari hiyo imo hatarini, kwa kuwa rangi yake ilichanganywa kwa maji na gundi, na gundi ya namna hiyo ikiguswa tena na maji hulegea na kuondoka pamoja na picha iliyoibeba. Tone linalovuja kutoka bafu la ghorofa ya juu, kitambaa kibichi cha mtu mwenye nia njema au joto kavu la mitambo ya kisasa ya kupasha nyumba linaweza kumaliza kwa muda mfupi kazi ambayo giza liliilinda kwa vizazi kadhaa.

Hilo ndilo tatizo lililo mbele ya wahifadhi wa Uskoti, nao hawalijibu kwa sauti moja. Wapo wanaotaka kila kipande kibaki juu ya chumba kilichochorewa, wapo wanaoona kwamba makumbusho ndiyo makao salama, na wapo wanaouliza kama dari ambayo haijafunuliwa inapaswa kufunuliwa hata kidogo.

Dari ya mmoja, sakafu ya mwingine

Dari zinazozungumziwa hapa zilichorwa kati ya miaka ya 1540 na 1640 hivi, katika makasri ya makabaila, nyumba za wafanyabiashara wa mijini na makanisa machache. Mifano inayojulikana kwa kumbukumbu inazidi 100, lakini ni sehemu ndogo tu iliyobaki mahali ilipochorwa. Mingine imebaki ubao mmoja au miwili, na mingine haipo tena ila katika nakala zilizochorwa na watu waliowahi kuiona kabla haijatoweka.

Neno la Kiswahili *dari*, ambalo hutumika kwa sehemu ya juu ya chumba na pia kwa ghorofa ya juu, linafaa sana kueleza ujenzi wake. Boriti nzito zilipitishwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake zikapangwa mbao zilizokuwa sakafu ya chumba cha juu. Upande wa chini wa mbao hizo hizo, pamoja na mbavu za boriti zilizoachwa wazi, ndio uliochorwa. Msomaji aliyewahi kuinua macho ndani ya nyumba ya mawe ya Lamu au ya Mji Mkongwe, akaziona boriti za mikoko zikiwa zimejipanga juu yake, ameshauelewa mfumo huo, ingawa boriti za Uskoti ni ndefu zaidi na chumba chake kwa hiyo ni kipana zaidi.

Mbao nyingi zilikuwa za msonobari ulioletwa kwa meli kutoka Norwei, kwani misitu ya Uskoti haikutosheleza mahitaji ya wajenzi. Wataalamu wanaopima pete za ukuaji ndani ya mti, yaani mistari inayoonyesha kila mwaka mti ulivyonenepa, wameweza kwa njia hiyo kutambua asili ya mbao na kukadiria mwaka mti ulipokatwa, na hivyo kuipa tarehe dari isiyo na maandishi.

Miongoni mwa dari za zamani kabisa ni ile ya ngome ya Huntingtower karibu na mji wa Perth, ya miaka ya 1540 hivi, ambayo iligunduliwa chini ya lipu mwaka 1913. Kuonekana kwake kulithibitisha kwamba desturi hii ilikuwa na mizizi kabla ya Matengenezo ya Kanisa ya mwaka 1560, mapinduzi ya kidini yaliyoleta Uprotestanti nchini humo.

Chaki, gundi na masizi

Ufundi wenyewe ulikuwa wa bei nafuu na wa haraka. Ubao ulipakwa kwanza tabaka jembamba la chaki iliyosagwa na kuchanganywa na gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi za wanyama. Juu ya weupe huo fundi alichora mistari mizito myeusi kwa rangi ya masizi au mkaa, kisha akajaza nafasi kwa rangi nyepesi zilizochanganywa kwa gundi ile ile. Udongo mwekundu na wa manjano ulitoa rangi nyingi za msingi, nili ikatoa buluu, zinjifuri ikatoa wekundu mkali, na madini ya manjano yenye sumu ya arseniki yakatumika pale mteja alipoweza kuyagharimia.

Wepesi huo ndio unaozipa dari hizi uhai wake. Gundi hukauka upesi na hairuhusu fundi kusitasita, kwa hiyo mistari yake ni ya mkono uliokwisha kuamua. Jani hupindwa kwa mkokoto mmoja, na sura ya mtu hukamilishwa kwa mikokoto michache ambayo mtu aliye chini, mbali kidogo na kwenye mwanga wa mshumaa, huisoma bila taabu. Anayezihukumu dari hizi kwa kipimo cha picha za mafuta za Italia huzikosea haki, kwa sababu hazikukusudiwa kutazamwa kwa karibu wala kuangaliwa kipande kimoja kimoja, bali kumfunika mtu kwa rangi kutoka ukuta hadi ukuta.

> Gundi hukauka upesi na hairuhusu fundi kusitasita, kwa hiyo mistari yake ni ya mkono uliokwisha kuamua.

Udhaifu umezaliwa na wepesi huo huo. Rangi ya mafuta hujenga utando mgumu unaoweza kusafishwa, lakini rangi ya gundi hubaki kama unga uliokamatana kwa nguvu kidogo, na mbao zinapovimba kwa unyevu na kunywea kwa ukavu, unga huo hubanduka na kudondoka. Wahifadhi huutibu kwa kupitisha gundi hafifu, mara nyingi ya samaki, nyuma ya kila gamba la rangi linaloinuka, kazi inayofanywa kwa brashi ndogo juu ya jukwaa, shingo ikiwa imekunjwa nyuma, kwa majuma na miezi.

Waliochora na waliochorewa

Matengenezo ya Kanisa yaliwanyang'anya wachoraji mteja wao mkubwa, kwani altare na sanamu za makanisani ziliondolewa au kuvunjwa, na hivyo mafundi wakageukia nyumba za watu. Mjini Edinburgh wachoraji walikuwa ndani ya chama kimoja na waashi na maseremala, kilichojulikana kwa jina la kanisa dogo la Mary's Chapel, na nafasi hiyo inaeleza jinsi jamii ilivyowatazama: walihesabiwa kuwa mafundi ujenzi, na wengi wao hawakutia saini.

Wachache wanajulikana kwa majina. John Anderson alipamba mwaka 1617 chumba kidogo cha ngome ya Edinburgh alimozaliwa Mfalme James wa Sita, wakati mfalme huyo alipokuwa akirejea kuitembelea nchi yake baada ya miaka mingi ya kutawala kutoka London. James Stalker aliacha jina lake na mwaka 1638 juu ya dari ya mbao ya Skelmorlie Aisle, kikanisa cha maziko katika mji wa pwani wa Largs, ambako aliigiza kwa brashi mbavu za mawe ambazo hazipo.

Walichokichora kilitoka vitabuni kwa kiasi kikubwa. Ulaya ya wakati huo ilipenda vitabu vya nembo, yaani vitabu ambamo kila ukurasa una picha ya fumbo, msemo mfupi na shairi la kuufafanua. Wasomaji wa Kiswahili, waliozoea kanga ambayo picha yake haikamiliki bila jina lililoandikwa chini, hawatapata shida kuelewa jinsi picha na maneno vilivyotegemeana. Katika nyumba ya Culross Palace mkoani Fife, iliyojengwa kati ya 1597 na 1611 na Sir George Bruce, tajiri aliyechimba makaa ya mawe hadi chini ya bahari, dari ya mbao iliyopinda kama pipa ina nembo zilizonakiliwa kutoka kitabu cha Geoffrey Whitney kilichochapwa Leiden mwaka 1586.

Ukumbi mrefu wa Pinkie House huko Musselburgh, uliopambwa kwa ajili ya Alexander Seton, mkuu wa sheria wa ufalme, ulichukua nembo zake kutoka kitabu cha Otto Vaenius cha mwaka 1607, chenye picha zilizojengwa juu ya maneno ya mshairi wa Kirumi Horatius. Mwanasheria huyo alitembea chini ya falsafa aliyoichagua mwenyewe, na mgeni aliyemsubiri huko alikuwa akisoma tabia ya mwenyeji wake kabla hajamwona.

Dari mashuhuri kuliko zote ni za kasri la Crathes katika Aberdeenshire, makao ya ukoo wa Burnett. Chumba kimoja, chenye tarehe ya 1602, kimewapanga kwenye mbao Mashujaa Tisa ambao Ulaya ya enzi hizo iliwahesabu kuwa vielelezo vya ushujaa: watatu wa kipagani, yaani Hector, Alexander na Kaisari, watatu wa Agano la Kale na vitabu vya Wayahudi, yaani Yoshua, Daudi na Yuda Makabayo, na watatu wa Kikristo, yaani Arthur, Karolo Mkuu na Godfrey wa Bouillon. Chumba kingine, cha mwaka 1599, kina miungu wa kike wa sanaa wa visasili vya Kigiriki pamoja na wanawake wanaowakilisha fadhila, wote wakiwa wamevaa mavazi ya wakati wa mchoraji.

Maandishi ya kwenye boriti za Crathes yanastahili kutazamwa zaidi ya yanavyotazamwa na wageni wengi, kwa kuwa yameandikwa pembeni mwa boriti, upande unaoonekana tu kwa mtu anayetembea chumbani na kugeuka. Msomaji alilazimika kwenda na kurudi, na chumba chenyewe kikawa kitabu kinachosomwa kwa miguu. Sifa hiyo hupotea mara moja boriti ikilazwa juu ya meza ya makumbusho.

Lipu iliyoua na kuokoa

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 17 mtindo ulibadilika, na lipu nyeupe yenye mapambo ya kuumbwa ikaanza kuhesabiwa kuwa dalili ya nyumba ya kisasa. Boriti zilizochorwa zilipigiliwa fito, mara nyingine zikachongwa kwa shoka ili dari mpya ikae sawa, na mashimo ya misumari pamoja na makovu ya shoka yanaonekana leo kwenye vipande vingi, yakikata uso wa malaika au mkungu wa zabibu bila huruma.

Hata hivyo lipu hiyo ilizuia mwanga, moshi na mikono ya watu. Dari za Crathes zilifichuliwa mwaka 1877. Zile za Gladstone's Land, jengo refu la Edinburgh lililonunuliwa mwaka 1617 na mfanyabiashara Thomas Gledstanes, zilionekana katika ukarabati wa miaka ya 1930, baada ya jengo hilo lililokuwa libomolewe kununuliwa mwaka 1934 na Helen Harrison na kukabidhiwa National Trust for Scotland, shirika linalohifadhi urithi wa nchi hiyo. Matunda na maua yake, yaliyochorwa mwaka 1620, yalikuwa yamelala gizani juu ya vichwa vya wapangaji wasiojua.

Si kila nyumba iliyopata mnunuzi. Dean House, jumba la pembezoni mwa Edinburgh, lilibomolewa mwaka 1845, na kutoka kwenye dari yake yamebaki mapande machache ya mbao ambayo sasa yamo katika makumbusho ya taifa. Miongoni mwa picha zake ni Ibrahimu akiwa tayari kumtoa mwanawe sadaka. Katika Cullen House, kaskazini mashariki, dari iliyosimulia kuzingirwa kwa Troya iliungua katika moto wa mwaka 1987, na hakuna uhifadhi unaoweza kurudisha kitu kilichokuwa mbao kavu na unga. Crathes yenyewe iliponea chupuchupu mwaka 1966, pale moto ulipoteketeza bawa la karne ya 18 lililoungana na mnara, huku vyumba vilivyochorwa ndani ya mnara vikisalimika.

> Chumba kikawa kitabu kinachosomwa kwa miguu. Sifa hiyo hupotea mara moja boriti ikilazwa juu ya meza ya makumbusho.

Kung'oa au kuacha

Mgogoro wa kwanza unahusu mahali. Mwaka 1962 iligunduliwa katika nyumba ya Prestongrange, mashariki ya Edinburgh, dari yenye tarehe ya 1581 na vioja vya kuchekesha, watu wenye pua ndefu na miili ya ajabu, vilivyonakiliwa kutoka kitabu cha picha kilichochapwa Ufaransa mwaka 1565. Dari hiyo iling'olewa na kupelekwa kwenye mnara wa Merchiston mjini Edinburgh, uliokuwa ukitengenezwa wakati huo kuwa sehemu ya chuo ambacho leo ni Edinburgh Napier University, na huko imepandishwa juu ya chumba kingine kabisa.

Wanaoutetea uamuzi wa namna hiyo wana hoja nzito. Dari iliyohamishwa imepata paa lisilovuja na watu wa kuichunguza, na watazamaji wake ni wengi kuliko wangekuwa katika nyumba ya binafsi. Dari ya kasri la Rossend huko Burntisland, iliyogunduliwa mwaka 1957, nayo inaonekana leo na maelfu ya wageni wa makumbusho ya taifa, ilhali kasri lenyewe lilipitia miaka ya uchakavu ambayo mbao hizo huenda zisingeivumilia.

Upande wa pili unajibu kwamba dari iliyong'olewa imekatwa kutoka kwenye maana yake, kwa kuwa ukubwa wake, mwanga wake na mpangilio wa picha zake vilipimwa kwa chumba fulani, mlango fulani na meza ya mtu fulani. Hati ya Venice, mwafaka wa kimataifa wa wahifadhi uliotolewa mwaka 1964, miaka miwili tu baada ya ugunduzi wa Prestongrange, iliunga mkono hoja hii kwa kuelekeza kwamba mapambo yaliyo sehemu ya jengo yasiondolewe isipokuwa pale ambapo kuyaondoa ndiyo njia pekee ya kuyanusuru.

Kigezo hicho ni cha haki, nacho kinapaswa kusomwa kwa ukali kuliko kinavyosomwa mara nyingi. Njia pekee haina maana ya njia rahisi, wala njia inayomfaa mwenye nyumba anayetaka vyumba virefu zaidi. Ina maana kwamba paa limejaribiwa, bomba limehamishwa na mmiliki amesaidiwa, na bado mbao zinakufa. Nyumba iliyopokonywa dari yake hubaki na kuta zisizokuwa na la kusema, na hasara hiyo haiandikwi popote katika hesabu za makumbusho yaliyoipokea.

Mkono wa mrekebishaji

Mgogoro wa pili unahusu rangi. Waliofichua dari katika karne ya 19 walizitaka zing'ae, na pale rangi ilipofifia waliipaka tena. Picha za Crathes zilipitia mkono wa namna hiyo, kiasi kwamba mtazamaji wa leo hana budi kuuliza, mbele ya kila uso, kama anaona kazi ya mchoraji wa awali au ya karne ya 19. Robert Lorimer, msanifu majengo aliyeanza kulifufua kasri la Earlshall mkoani Fife mwaka 1890, alirejesha pia dari ya ukumbi wake yenye ngao na wanyama, na kazi hiyo, pamoja na uzuri wake, ni mwafaka kati ya enzi mbili.

Hati ya Venice inasema kwamba urejeshaji unapaswa kukoma pale ukisiaji unapoanza, na kwamba kilichoongezwa kiweze kutofautishwa na cha asili. Wahifadhi wengi wa sasa huacha pengo liwe pengo, au hulipaka rangi moja tulivu inayolizuia lisivute jicho. Wamiliki na waongoza watalii hulalamika kwamba mgeni aliyelipa kiingilio anaona mabaka, na malalamiko hayo hayastahili kudharauliwa, kwa kuwa nyumba isiyo na wageni hukosa fedha za kuziba paa.

Pamoja na hayo, baka ni ushahidi, na rangi mpya iliyopakwa juu yake ni dai lisilo na ushahidi. Mtu anayeliona baka anajua maji yalipita wapi, lipu ilishika wapi na fundi wa 1599 aliishia wapi; mtu anayeoneshwa ukamilifu wa bandia anaondoka akiamini jambo ambalo hakuna anayeweza kulithibitisha.

Zilizo bado gizani

Swali gumu kuliko yote linahusu dari ambazo bado hazijafunuliwa. Ugunduzi haujakoma: dari ya Moubray House, katika barabara kuu ya Edinburgh, ilionekana mwaka 1999 tu, na hakuna sababu ya kudhani kwamba ilikuwa ya mwisho. Sheria ya Uskoti huorodhesha majengo yenye thamani ya kihistoria na kumtaka mmiliki aombe kibali kabla ya kuyabadilisha, lakini mchoro usiojulikana kuwapo hauwezi kutajwa katika ombi, na mara nyingi hujulikana nyundo ikiwa imeshapiga.

Wanaotaka kufunua husema kwamba kisichojulikana hakilindwi. Wanaotaka kuacha hujibu kwamba lipu imefanya kazi nzuri kuliko taasisi yoyote, na kwamba dari iliyofunuliwa bila bajeti ya miaka hamsini ijayo imefunuliwa ili ife mbele ya mashahidi. Busara iko karibu zaidi na upande huu wa pili: tundu dogo la uchunguzi, kumbukumbu iliyoandikwa na kuwekwa pamoja na hati za nyumba, kisha lipu irudishwe hadi siku ambayo fedha na utaalamu vitakuwapo.

> Dari iliyofunuliwa bila bajeti ya miaka hamsini ijayo imefunuliwa ili ife mbele ya mashahidi.

Kwa zile ambazo nyumba zao zimekwisha kutoweka, swali hilo limepitwa. Boriti na mbao zilizookolewa, ambazo baadhi yake zimo mikononi mwa Historic Environment Scotland, taasisi ya serikali inayosimamia turathi, hazitakuwa tena juu ya kichwa cha mtu, na pande zake zisizochorwa zimekuwa na thamani sawa na uso wake. Alama za msumeno huonyesha mbao zilivyopasuliwa, mashimo ya misumari huonyesha zilivyopakana, na kwenye ncha za boriti huachwa sehemu tupu, ambako brashi haikufika kwa sababu mahali hapo palikuwa ndani ya ukuta. Kwa kupima utupu huo, mhifadhi hujua unene wa jiwe lililoishika boriti, na kutoka hapo huanza kukijenga upya, kwa karatasi na kalamu, chumba ambacho hakipo.